Ngege Unaangalia Mashavu, Diski Je?

Wasee wa Kisumu, diski ya seva ikikufa mnakimbia town kuuliza, "Ya tera nne ni ngapi?" Aki hapana! Ngege mnafungua mashavu kwanza, lakini diski mnanunua kwa bei tu.

Ya SAS haiingii kwa seva ya SATA. Ikiwa ndogo kuliko ile ya zamani, RAID inaikataa. Na SMR? Mwaka 2020 Western Digital walikubali kuwa baadhi ya WD Red zao ni SMR, na wateja hawakuwa wameambiwa. Hizo hujikokota RAID ikijijenga upya. Kwa RAID 5, ingine ikikufa hapo, picha za harusi ya watu zimeenda.

Muuzaji akiapa ni mpya, mwambie aichomeke msome masaa imewaka: 26,000 ni karibu miaka 3. Akikataa, beba pesa yako utoke.