KINYAGO KIMERUDI, UFUNDI NAO URUDI MTWARA

Mwezi wa Mei, 2010, mambo mawili yaliyowahusu watu wa kusini mwa Tanzania yalifuatana. Mjini Paris, Ufaransa, ulitiwa saini mkataba wa kuirudishia Tanzania kinyago cha Kimakonde kilichoibiwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Na huko Mtambaswala, Mkoa wa Mtwara, Marais wa Tanzania na Msumbiji walilizindua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililojengwa juu ya Mto Ruvuma. La kwanza lilirudisha kazi ya mikono ya watu wa kusini. La pili liliwaunganisha wenye mikono hiyo, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa tangu mwaka 1886. Tangu hapo swali moja limekuwa likisubiri jibu: kinyago kimerudi, je, ufundi uliokizaa nao umerudi nyumbani?

Safari ya kinyago kile ina mafunzo. Mwaka mmoja baada ya wizi, kilinunuliwa mjini Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtafiti wa Kitaliano alikitambua kuwa ni mali iliyoibiwa Tanzania. Hata hivyo ilipita miaka mingine 20 ya madai na mazungumzo, pamoja na upatanishi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, kabla ya mkataba kutiwa saini. Miaka 26 ilitumika kukidai kinyago kimoja, na haikutumika bure, kwani taifa lisilodai kilicho chake hujifunza kudharauliwa.

Lakini uko uondokaji mwingine usiovunja kufuli wala kuandikwa katika kitabu cha polisi. Mti unaondoka, fundi anaondoka, na jina la fundi linapotea njiani. Kitu kikiibwa hudaiwa kwa sababu kinaonekana kwamba hakipo. Ufundi ukiondoka kidogo kidogo, hakuna anayeshtuka mpaka mzee wa mwisho aliyeujua amezikwa.

ASILI YAKE

Masimulizi ya kale ya Wamakonde, ambayo wageni waliyaandika mwanzoni mwa karne ya 20, yanaeleza kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Siku moja alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu na makazi yake. Kulipopambazuka sanamu ile ilikuwa mwanamke mwenye uhai, naye akawa mkewe. Walipokaa bondeni karibu na mto watoto wao walikufa. Walipopanda uwandani mtoto wao aliishi, na ndiyo sababu ya Wamakonde kuupenda uwanda wao wa juu. Kwa watu wanaojisimulia hivyo, kuchonga si kazi ya kupitishia wakati baada ya kilimo. Ni mwanzo wa ukoo.

Sanaa hiyo haikuishia kwenye mti. Neno nembo, ambalo leo kila mwananchi hulitumia kwa alama ya Taifa au ya shirika, ni neno lililotaja chale za mapambo zilizochanjwa mwilini, na Wamakonde walisifika kwa nembo zao. Michoro hiyo hiyo huonekana kwenye vinyago vya kale, mingine imechongwa na mingine imebandikwa kwa nta ya nyuki. Wanawake walifinyanga mitungi na vyungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu, wakaipamba na kuichoma kwa moto wa wazi. Desturi ya kuchanja miili imepita, wala hapana haja ya kuifufua. Lakini michoro yenyewe ni elimu ya mistari na vipimo iliyosanifiwa kwa vizazi, nayo inaweza kuendelea kuishi kwenye nguo, vyombo, milango na kuta.

Pwani nayo ina ufundi wake. Mikindani, iliyo kilomita kama 10 kutoka katikati ya mji wa Mtwara, ilikuwa bandari ya majahazi zamani sana kabla ya David Livingstone kuanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Nyumba zake za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaezekwa juu ya boriti za mikoko, na milango yake ikapambwa kwa nakshi. Kutoka hapo hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, waunda mashua na wasuka mikeka wamekuwa na hesabu zao za urembo zisizoandikwa popote ila mikononi mwao.

Ikumbukwe kwamba mji wa Mtwara wenyewe ulikuzwa baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza. Mpango huo uliletwa kwa meli, ukiwa na matrekta na wataalamu wake, ukavunjika katika miaka michache tu. Tezo la mchongaji lilikuwapo kabla ya matrekta hayo, na lilibaki baada yake. Ni funzo kubwa kwa yeyote anayedhani kwamba kazi za mikono ni masalio ya zamani, na kwamba kitu cha kudumu ni kile tu kilichotoka ng'ambo.

JINSI ULIVYOONDOKA

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago na vyombo kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Hizo zilikuwa siku za Vita vya Maji Maji, wakati wananchi wa kusini hawakuwa na nafasi ya kumwambia mgeni mwenye bendera kwamba hiki kinauzwa na hiki hakiuzwi. Baadaye Wamakonde wengi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wakikimbia ukatili na kodi za Wareno, waliingia Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya katani. Walikuja na patasi zao. Kazi nyingi za mpingo zilizoipa Tanzania sifa duniani zilitoka mikononi mwa wahamiaji hao na watoto wao.

Soko lilikuwa Dar es Salaam, nao wakalifuata. Huko, katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, wenye viumbe vya ajabu visivyofuata umbo la binadamu. Huko pia Yakobo Sangwani alichonga nguzo ya watu walioshikana na kubebana, mtindo ulioitwa dimoongo, na ambao baadaye ulijulikana kwa jina la ujamaa. George Lilanga, mzaliwa wa kusini, alipata sifa za kimataifa akiwa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, naye aliuanzisha mji huo huo mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake hadi leo. Huko Japani, katika mji wa Ise, lilifunguliwa hata jumba la makumbusho la sanaa ya Kimakonde.

Hapana lawama kwa fundi aliyefuata mnunuzi. Mtu hula jasho lake pale linapolipwa. Lawama, kama ipo, ni kwa mpango unaoufanya mji wa Mtwara kuwa mahali pa kutokea tu: pa kutoka mti, pa kutoka kijana mwenye kipaji, wala si pa kurudia sifa na fedha. Wakulima wa kusini wanalijua jambo hili kwa uchungu wa korosho. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho imesafirishwa ikiwa ghafi kwenda India, ikabanguliwa huko, na ujira wa kubangua ukabaki huko. Kipande cha mpingo kinachopelekwa Ulaya kutengenezewa zumari za klarineti na obo kina hadithi hiyo hiyo.

MTI NA JINA

Mpingo ni mti mzito hata gogo lake huzama majini. Moyo wake ni mweusi na ganda la ndani ni jeupe, na huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kufaa kuvunwa. Anayeukata leo bila kupanda anamnyang'anya mjukuu ambaye hajazaliwa. Wala si kweli kwamba wanakijiji hawawezi kuusimamia. Huko Kilwa, katika Mkoa jirani wa Lindi, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo wao kwa hesabu wanazozijua wao wenyewe. Linalowezekana Kilwa linawezekana Mtwara.

Uhaba wa mpingo umezaa udanganyifu. Mti hafifu husuguliwa msasa, ukapakwa rangi ya viatu, ukauzwa kwa mgeni kama mpingo. Faida yake ni ya siku moja na hasara yake ni ya miaka mingi, kwa maana mnunuzi aliyedanganywa mara moja humshuku hata fundi mkweli. Dawa yake ni jina. Sanamu nyingi zinazouzwa hazina jina la aliyezichonga. Huitwa tu kazi ya Kimakonde, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja. Fundi asiye na jina hana bei, na hawezi kumdai mtu anayeiga kazi yake. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, lakini ni vigumu sheria kumlinda mtu ambaye kazi yake haisemi ni yake.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wazee wanaosema, na kwa haki, kwamba kinyago ni jambo la jandoni na unyagoni, si bidhaa. Hata neno lenyewe, kinyago, li jirani na unyago. Hoja hiyo yafaa iheshimiwe kuliko inavyoheshimiwa na wafanyabiashara. Wachongaji wenyewe wamekwisha onyesha njia: mitindo ya shetani na ujamaa haikutolewa jandoni, ilibuniwa kwa ajili ya macho ya watu wote. Kwa hiyo inawezekana kabisa siri ikabaki siri, na ufundi ukauzwa. Wenye kuamua lipi ni lipi wawe wazee wa Newala, Tandahimba na Masasi, si mwenye duka.

Wako pia wanaosema kwamba ndoo ya plastiki imekwisha ushinda mtungi, na mlango wa chuma umekwisha ushinda mlango wa nakshi. Basi mambo yaachwe yaende. Hoja hii inasahau kwamba bei ya kitu si ujazo wake peke yake. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kutazama milango ya Zanzibar na Lamu, na hapana msafiri aliyevuka bahari kuja kutazama ndoo. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mwenye nyumba ya Mikindani anayemuuzia mchuuzi mlango wa babu yake ili anunue mabati, aghalabu hajaambiwa kwamba alichouza kina ulinzi wa sheria, wala hajasaidiwa kukitunza.

YANAYOPASA KUTENDWA

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliviweka pamoja kwa makusudi utamaduni na vijana. Utamaduni usiofundishwa kwa kijana ni maonyesho tu. Hivyo hapana budi Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ikishirikiana na SIDO na VETA, iwe na karakana ambamo wachongaji, wafinyanzi, wasukaji na maseremala wa nakshi watafundisha kwa ujira. Mafundi hao wasidaiwe vyeti vya shule. Cheti chao ni kazi yao, na anayetaka kuukagua ujuzi wao na aikague kazi hiyo.

Pili, milango ya kale ya Mikindani iorodheshwe na kupigwa picha, nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba washauriwe na kusaidiwa kabla ya kulaumiwa. Tatu, kila kazi inayouzwa iandikwe jina la fundi, kijiji chake na aina ya mti. Nne, vijiji vitenge maeneo ya kupanda mpingo, na wachongaji wawe wa kwanza kushika jembe.

Tano, kinyago kile kilichotoka Geneva kipewe safari fupi zaidi. Mwaka 2008 lilianzishwa mjini Mtwara tamasha la MaKuYa, la kuwakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa ngoma na sanaa zao. Katika mkusanyiko wa namna hiyo, chini ya ulinzi unaostahili, yafaa Makumbusho ya Taifa yakilete kinyago hicho kionekane na vijana wa Newala, na hata na jamaa zao watakaovuka Daraja la Umoja kutoka Mueda. Kijana mwenye patasi akikitazama kwa saa moja pamoja na mzee anayekijua, atajifunza mambo ambayo hayamo katika maandishi ya ukutani.

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Kazi hii nayo isimtishe mtu, kwa sababu mti ungalipo, wazee wangalipo, na vijana wenye vipaji wangali wanazaliwa. Kinachotakiwa ni kuanza kabla mmoja kati ya hao watatu hajakosekana.