Kiti cha Nyuma Kimekwenda Wapi?

Sisi wakazi wa Boko tunaujua usiku wa Jumamosi kwa masikio. Malori ya saruji yakishapungua na daladala za mwisho zikishalala, ndipo huanza ule mlio mwingine katika Barabara ya Bagamoyo. Magari mawili husimama sambamba, injini zikapandishwa hadi vioo vya madirisha yetu vikatetemeka, kisha yakafyatuka. Majirani zangu husema, "Waache, ni damu changa." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, tena kwa sababu yangu, kwani moja ya magari hayo lilikuwa likilala uani kwangu.

Ni Altezza ya mjukuu wangu, ambaye huenda nayo kazini Posta kila asubuhi. Ilipofika kutoka Japani ilikuwa gari la heshima, lenye viti vitano, kiyoyozi na mlio wa chini. Kijana akaanza kidogo kidogo. Kwanza alitoa masega, kisha sailensa, kisha akakata springi ili gari lishuke. Siku moja akanijia barazani: "Shikamoo babu. Naomba unikopeshe kidogo, ni za matengenezo." Nikampa. Nakiri mbele ya msomaji kwamba ndani ya turbo ile mna fedha za kiinua mgongo cha mwalimu. Nilipomuuliza kama haharibu gari, alicheka. "Gari ni lile lile, babu. Tumeliongezea nguvu tu."

Maneno hayo ndiyo ninayoyapinga. Gari si lile lile, na hakuna kinachoongezwa katika gari bila kingine kuondolewa. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa nyingi hudai petroli nyingi, na kontroboksi hubadilishwa mahesabu yake ili iitoe. Matokeo yake ni nguvu, naam, lakini pia ni joto na mkandamizo ambao pistoni na mikono yake havikuundwa kuubeba. Springi iliyokatwa hulifanya tairi lirukeruke penye mashimo, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki. Wepesi nao hununuliwa kwa kung'oa viti, mazulia na tairi la akiba. Kijana huyo huyo aliyetumia mamilioni kwa ajili ya kuondoka alikuwa bado na breki zile zile za kiwandani kwa ajili ya kusimama!

Niliwahi kufundisha hesabu kabla ya kupewa ukuu wa chuo cha ualimu, kwa hiyo nivumiliwe. Mwendo unaoruhusiwa katika makazi yetu ni kilomita 50 kwa saa. Dereva makini anayeona mtoto mbele yake huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa mwendo huo, breki zikiwa nzuri na lami kavu, atasimama katika mita kama 26. Mpe sasa kilomita 150. Mwendo umeongezeka mara tatu, lakini nguvu ya mgongano imeongezeka mara tisa, na gari litahitaji mita karibu 150 kusimama. Taa za Altezza usiku hazimulikii mbali hivyo. Anayevuka kutoka Magengeni na ndoo yake kichwani hataonekana mpaka iwe imekwisha.

Nilizijua hesabu hizi siku zote, na sikusema neno. Kilichonifungua kinywa ni usiku mmoja ambao mke wangu alishikwa na maumivu ya kifua, saa nane. Gari lililokuwapo ni hilo. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa. Kile cha mbele cha abiria kilikuwa kimewekwa cha mbio, chembamba, chenye kingo ndefu za pembeni, na mama yule mwenye magoti mabovu hakuweza kukiingia. Tulitandika mkeka juu ya bati tupu. Nikachuchumaa kando yake nikiwa nimeshika chuma, naye akawa anarushwa kila tulipofika kwenye tuta, na tumbo la gari likikwaruza lami. Mjukuu alikuwa akilia huku anaendesha. Gari lililotengenezwa liwe la kasi kuliko yote Boko lilitufikisha hospitali kwa mwendo wa mkokoteni, na kabla ya moyo, daktari alitaka kujua nyonga ile imevia damu kwa sababu gani. Mungu ni mwema, alipona.

Vijana hunijibu kwa historia. Husema magari yaliyoshinda Safari Rally yalikuwa magari ya kawaida. Kweli, Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, aina ile ile tuliyoiona kila siku barabarani. Na Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Lakini magari yale yaliimarishwa ili yadumu maelfu ya kilomita za matope na mawe. Hakuna aliyekata springi ili apendeze. Lenu linaandaliwa kwa mita 402, na baada ya hapo halina mpango.

Hata mita hizo zina historia ambayo nyinyi mnaopenda picha za Wamarekani hamjaisoma. Huko California nako vijana walishindana barabarani. Mwaka 1950 wakapatiwa njia ya uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA ili mchezo uwe na kanuni na ukaguzi. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufa, chama hicho kiliyapunguzia magari yake ya kasi zaidi umbali hadi mita 305, ili yapate nafasi ya kusimama. Hayo ni magari yenye miamvuli ya kuyavuta nyuma, katika njia isiyo na bodaboda. Nyinyi mnayo Barabara ya Bagamoyo.

Sisemi polisi wawazoe wote, kama wazee wenzangu wanavyotaka. Vijana hawa husoma michoro ya umeme iliyoandikwa Kijapani wasiyoijua hata herufi. Mimi sikuwahi kupata wanachuo wenye bidii ya namna hiyo. Mwenye ardhi na atoe kipande cha lami chenye uzio, wakimbie mchana, gari la wagonjwa likisubiri pembeni. Nitakwenda kuwashangilia. Lakini gari la huko libaki la huko. Linalopeleka watu kazini, sokoni na hospitali lirudishiwe viti vyake.

Kiti kile cha nyuma kiko barazani kwangu hadi leo. Wageni hukikalia, na wengine hukisifu. Mjukuu amekuja mara mbili kukizungukazunguka. Nimemwambia achague: aje na spana akifunge, au aje na trela aliondoe gari uani. Jumamosi iliyopita alikuja mikono mitupu, akala ubwabwa wa bibi yake, akaondoka kwa daladala.