Salopeti ya shimoni ikatwe kwa mtu anayetambaa

Jumapili iliyopita tulikutana hapa Ngezi, wachimbaji, wamama wanaosafisha mchanga na mafundi wawili wa nguo, juu ya jambo ambalo wengine waliona ni dogo: salopeti. Tulikuwa tumechanga makuta ili tununue kitambaa na kushonesha sisi wenyewe, kuliko kuendelea kushuka na masuruali ya mtumba yaliyochanika matako. Mazungumzo yalikula mchana mzima, na karibu tugombane.

Vijana walitaka kitambaa kile cha kung'aa, chepesi, kama cha wale watu wanaoruka na parashuti kwenye filme. Tuliwaambia: wale wanachagua kitambaa juu ya upepo. Kikiteleza wanaanguka mbio, kikishika upepo wanaanguka polepole. Sisi hatuna upepo kule chini. Tuko na kamba, mawe, matope, petroli na mashine ya kusaga. Nguo ichaguliwe kwa vile.

Kwa hiyo sisi wa sendika tunasema pamba, ile nzito ya kaki au ya jini. Kama hamjui kile muuzaji anawapa, mumuombe nyuzi mbili tatu za pembeni, muziwashe kiberiti mbali na mali yake. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na mwishoni inabaki kigololi kigumu. Kigololi kile njo kitashikamana na ngozi siku petroli ya motopompi itamwagika na kuwaka. Mwenzetu mmoja aliungua miguu hivyo, kwa shimo ambalo hatutalitaja. Alituambia moto wenyewe ulikuwa wa dakika moja. Mateso yalikuwa kumtoa kitambaa kwenye nyama.

Ni kweli, pamba inakunywa maji, inakuwa nzito na inakawia kukauka. Wale wanaofanya kazi mtoni walilalamika na walikuwa na haki. Kwao tulikubali mchanganyiko, pamba ikiwa nyingi. Lakini mutu anayegusa petroli ao mashine, hapana.

Kisha mkato. Hapa njo tulijifunza mingi. Salopeti nyingi za soko zimekatwa kwa mutu anayesimama. Mchimbaji hasimami. Anatambaa, anachuchumaa, ananyoosha mikono juu ya kichwa kushika kamba, na saa ile nguo yote inapanda, inambana mapajani ao inapasuka kwapani. Fundi mzee alituonyesha dawa: kipande cha pembe nne kinashonwa chini ya kila kwapa na kingine katikati ya miguu, na mgongo unaongezwa vidole vinne kati ya shingo na kiuno. Alikataa kutupima tukiwa wima. Kila mmoja alichuchumaa mbele yake, mikono juu, na wamama walicheka mpaka machozi.

Magoti na viwiko vishonwe kitambaa mara mbili. Fermetire tuliikataa, matope yanaiziba siku ya kwanza. Vifungo ni bora, vifunikwe na ukanda wa kitambaa visinase. Mkono wa nguo ubane kifundo, juu mkanda wa mashine ya kusaga hauombi ruhusa kwa mkono unaoning'inia. Mfuko mmoja kifuani, wenye kifuniko, basi. Kuna ma-PDG wa mashimo wanaokataza mifuko yote, eti tutaficha dhahabu. Sisi pia hatutaki mifuko mingi, lakini si kwa ile: mfuko wa pajani unanasa kwenye miti ya galeri.

Rangi? Kijani cha jeshi na madoadoa tulikataa bila kupiga kura. Tangu état de siège ilianza hapa Ituri mwezi wa 5 mwaka 2021, na hata mbele yake, kila mutu anajua nguo ya namna ile inaweza kukuletea nini barabarani. Tulichukua rangi ya machungwa, na mabegani tutashona vipande vinavyong'aa vya majile ya zamani ya wamotari. Udongo ukianguka, anayetafuta aone kitu.

Sasa nani analipa? Mara hii tumechanga sisi. Code du travail ya 2002 inaweka usalama wa mfanyakazi juu ya muajiri, lakini PDG anajibu kwamba sisi si wafanyakazi wake, tunagawana tu. Sawa. Mbele ya kugawana, yeye anatoa kwanza gharama: mafuta, mbao, chakula, pompi. Kitambaa kiingie kwa hesabu ile. Mwanaume mkubwa anahitaji karibu metre 4 za upana wa sentimetre 150. Pompi ikiharibika inatengenezwa siku ileile. Mutu anashuka na nguo iliyopasuka miezi, na hakuna anayeandika.

Tulifikiri tumemaliza. Mama mmoja akauliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa nalo: nguo hii itafuliwa wapi? Zebaki inayoshikisha dhahabu inabaki pia kwenye kitambaa, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Baba anarudi, anatupa salopeti juu ya kitanda, mtoto analala hapo. Tulinyamaza. Tukakubaliana salopeti isiingie nyumbani: ibaki kule kazini, ifuliwe kwa beseni yake peke, si pamoja na nguo za watoto.

Fundi alichukua chaki, akaongeza kitanzi kidogo nyuma ya shingo, ya kuitundikia nje. Kitambaa sasa kiko kwenye maji kirudi kwanza, juu pamba mpya inapungua. Kikikauka ataanza kukata.