KUISHI PAMOJA SI KUGAWIWA MAFUNGU



Asimamaye Darajani asubuhi atamwona Mhindi, Mngazija, Mshihiri, Mpemba, Mmakunduchi na mtu wa bara wakipatana bei kwa Kiswahili kimoja. Hapana serikali iliyotoa amri ya jambo hilo. Bahari na biashara ndizo zilizotukutanisha.

Lakini kukutana si kuwa sawa. Kanisa kuu la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Basi anayesimulia kwamba zamani sote tuliishi kindugu, na atujibu: ni ndugu gani amwuzaye nduguye?

Kisha Mwingereza akaja na siasa yake. Alituona sisi ni wa namna nyingi, naye akatugawa mafungu. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, Waarabu, Wahindi na Wazungu walipewa viti. Mwafrika hakupata hata kimoja hadi 1946. Katika Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgao kiligawiwa kwa kutazama asili ya mtu, kana kwamba njaa nayo ina kabila! Uchaguzi wa Julai 1957 ulipokuja na daftari moja la wapiga kura wote, mazoea ya mafungu yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Mwaka 1964 watu waliuawa na wengine wakakimbia kwa ajili ya asili zao. Msiba huo hatuusahau.

Je, serikali isitambue kabisa tofauti za watu? La, hatusemi hivyo. Huko Kanada, mwezi Oktoba 1971, Waziri Mkuu Pierre Trudeau alitangaza siasa ya kuheshimu mila mbalimbali, na mwaka 1988 ikatungiwa sheria. Shabaha yake iliyoandikwa ni kwamba mtu ashike mila yake na papo hapo ashiriki sawasawa katika mambo ya nchi. Hata huko wapo wanaolalamika kwamba maneno yameutangulia utekelezaji. Lakini mizani yenyewe ni ya haki: mila ya mtu isimwongezee kibaba wala isimpunguzie.

Sisi wenye maduka twajua kwamba mizani haimwulizi mnunuzi babu yake alishuka katika jahazi gani. Na iwe hivyo katika kazi, ardhi, masomo na mahakama.

Tusiwanyoshee wengine vidole tu. Wapo miongoni mwetu ambao, wakishindwa kwa hoja, humwambia mwenzao, "Wewe si wa hapa." Neno hilo ni lile lile fungu la mkoloni, tofauti ni kwamba sasa lapakuliwa kwa mikono yetu. Chama kinachodai haki kwa wote hakina budi kuianzia barazani pake.

Mwenye kuishi hapa na kuitii sheria ni wa hapa. Asiyekubali hilo, haki anayoidai ni ya nani?