Kofia ya Mwanafunzi Si Utovu wa Nidhamu

Walimu wenzangu, baadhi yetu hapa Nakuru tungali tunamwamuru kila mwanafunzi avue kofia aingiapo kwenye gwaride. Wengi haiwadhuru. Lakini mtoto mwenye ualbino tunamweka katika hatari ya saratani ya ngozi. Mji wetu umeinuka takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Ikweta yapita Mogotio, mwendo mfupi kaskazini. Asubuhi ni baridi, kweli, ila jua la hapa huchoma hata ukijifunika sweta.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa mafuta ya kujikinga na jua bila malipo. Mafuta hayo sharti yapakwe kabla ya kutoka bwenini, yarudiwe kila baada ya saa mbili, tena yaandamane na kofia pana na mikono mirefu. Basi ni mwanafunzi gani atakayethubutu kuomba ruhusa saa nne, katikati ya somo la hisabati, akajipake mafuta? (Mimi mwenyewe nilipata kumkatalia mmoja, nikidhani anakwepa kazi.) Mwalimu wa zamu na atangaze wakati huo kila siku, na gwaride lihamishiwe kivulini.