Hedhi, Bangi na Swali Lisiloulizwa Kliniki

Mhudumu wa afya akimpata mgonjwa anayevuta bangi, kwa kawaida humuuliza tangu lini, kiasi gani na mara ngapi. Kwa mwanaume maswali hayo huenda yakatosha. Kwa mwanamke hubaki pengo kubwa: hakuna anayeuliza yuko siku ya ngapi ya mzunguko wake, kama ni mjamzito, ananyonyesha, au hedhi yake inaelekea kukoma.

Swali hilo si udaku. Mwili hujitengenezea wenyewe kemikali zinazofanya kazi kama za bangi. Mojawapo ni anandamidi. Kemikali hizo na THC, kiini cha bangi kinacholevya, hushika vipokezi vilevile katika ubongo na hata katika viungo vya uzazi. Estrojeni huathiri mfumo huo. Mwaka 2014 Rebecca Craft na wenzake wa Washington State University nchini Marekani walionyesha kuwa THC iliwapunguzia panya majike maumivu kuliko madume, hasa karibu na siku za yai kupevuka. Lakini majike hao pia waliizoea upesi zaidi, kipimo kilekile kikapoteza nguvu. Panya si binadamu, na mzunguko wake ni wa siku nne au tano tu. Hata hivyo, miongoni mwa watu waliofikia uraibu wa bangi, wanawake mara nyingi hufika huko kwa muda mfupi zaidi tangu msokoto wa kwanza.

Mfikirie mwanamke anayevuta ili kutuliza maumivu ya hedhi. Anavuta siku ambazo estrojeni yake iko chini, na asipopata nafuu anaongeza. Wiki mbili baadaye homoni imepanda, naye anavuta kiasi kilekile. Safari hii huenda moyo ukamwenda mbio na hofu ikamshika. Atadhani amepewa bangi mbaya, ilhali kilichobadilika huenda ni mwili wake.

Si jambo geni kwa madaktari. Mwaka 1890 John Russell Reynolds, daktari katika nyumba ya Malkia Victoria, aliisifu bangi katika jarida la The Lancet, na maumivu ya hedhi yalikuwa miongoni mwa matumizi yake. (Kwamba Malkia mwenyewe aliitumia ni hadithi tu, ushahidi haupo.) Baadaye utafiti uligeuzia wanawake kisogo: kuanzia 1977 hadi 1993 mwongozo wa Marekani uliwaweka wanawake wanaoweza kuzaa nje ya hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Kipimo kilichoitwa cha kawaida kikawa cha mwanaume.

Hapa Tanzania kuna kizuizi kingine. Bangi ni kosa la jinai, na mwanamke anayeitumia hubeba aibu mara mbili, hivyo hunyamaza. Kumkemea ni kumfunga mdomo zaidi. Anayevuta kwa ajili ya maumivu anahitaji kwanza kuchunguzwa chanzo chake, kwani moshi unaweza kumfichia uvimbe wa kizazi kwa miaka. Tena kwa wengi ibuprofeni inayoanzwa mapema hutuliza maumivu hayo vizuri. Mjamzito aambiwe bila kuzungusha: THC hupenya kondo la nyuma na kuingia katika maziwa ya mama, na matumizi yake yanahusishwa na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Wapo wanaoivuta ili kuzuia kutapika kwa ujauzito, nao wajue kuwa kuitumia kwa muda mrefu kunaweza kwenyewe kuleta kutapika kusikokoma, ambako mgonjwa hupata nafuu kwa kuoga maji ya moto.

Kadi ya wajawazito tayari ina nafasi ya tarehe ya hedhi ya mwisho. Tarehe hiyo iandikwe pia katika faili la kila mwanamke anayekiri kutumia bangi, kabla ya kumwambia lolote kuhusu kiasi.