Fundi aliyeacha kazi asaidie, lakini kwa utaratibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya baadhi ya waajiri wanaowatumia bure mafundi walioacha kazi kwao.

Huku Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, mafundi wa pampu na jenereta ni wachache. Mashine ikikwama, kumleta fundi kutoka Sumbawanga mjini ni gharama na ni kupoteza siku. Kwa hiyo anayepigiwa simu ni yule yule wa zamani. Mimi niliacha kazi mahali fulani kwa notisi na kwa amani. Tangu nikiwa kazini niliomba nipewe kijana wa kumfundisha, sikupewa. Sasa nimekwisha kuitwa mara tano kufungua pampu ile ile, na kila nikimaliza naambiwa, "Ahsante fundi, Mungu atakulipa."

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuzima simu. Sikubaliani nao. Pampu ikisimama, mkubwa wa ofisi habebi ndoo. Wanaobeba ni akina mama na watoto, na hao hawakunikosea lolote.

Lakini huruma ya fundi isigeuzwe kuwa utumishi wa bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Siku hizo zinatosha kuandika daftari la mashine, kuonyesha vipuri vilivyobadilishwa na kumwelekeza atakayebaki. Mwajiri asiyezitumia hivyo asimlaumu aliyeondoka.

Tena kuna hatari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, ni wa waajiriwa. Je, fundi aliyeitwa kwa simu tu, hana barua wala mkataba, akikatwa vidole na mkanda wa mashine, nani atamtibu na nani atalisha watoto wake? Waliomwita watasema alikuja mwenyewe.

Kusaidiana baada ya kazi kwisha si jambo geni. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, wataalamu wa China waliendelea kuisaidia, lakini kwa mapatano yaliyoandikwa baina ya serikali. Na hapa kwetu Ufipa tunao mfano wa ujuzi usiorithishwa. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuru makubwa yaitwayo malungu. Majembe ya kiwandani yalipoenea, vijana hawakujifunza tena. Leo masalia ya malungu yapo, lakini kumpata kijana anayejua kuyawasha ni kazi.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, katika mwezi wa kwanza fundi ajibu maswali kwa simu bila malipo, huo ni uungwana. Pili, akitakiwa kuja kushika mashine, apewe barua, nauli na malipo yaliyokubaliwa kabla hajafungua nati hata moja. Tatu, kila akija, mfanyakazi wa pale asimame naye na kuandika kinachofanyika, ili safari nyingine asiitwe kwa tatizo lile lile. Vyombo vya maji vya jamii, vilivyo chini ya RUWASA tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, navyo vitenge fungu la fundi wa dharura kutokana na fedha wanazolipa wananchi.

Mwajiri atakayefanya hivyo ataokoa fedha, na fundi atasaidia kwa moyo mweupe. Asiyefanya hivyo ajue kuwa fundi naye huhama na huzeeka. Siku hiyo simu itaita bila kujibiwa, na mashine itabaki chuma tu.

Fundi wa zamani,
Mtowisa, Sumbawanga.